Doa Chini ya Jicho

Niliikamua chunusi ile Jumapili jioni, siku kumi na tatu kabla ya kwenda nyumbani kwa baba. Hesabu hiyo naikumbuka kwa sababu niliirudia kila asubuhi mbele ya kioo cha bafu letu pale Kitengela: kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Siku zilipungua vizuri. Doa halikupungua.

Ilikuwa chunusi ya kawaida, haina hata sifa. Ilikaa juu ya mfupa wa shavu, chini kidogo ya jicho la kushoto. Mtu mwenye akili timamu angeiacha. Lakini kazi yangu mimi ni kuchagua waridi kwenye banda la kupangia maua huko Isinya, na kutwa nzima macho yangu yanatafuta kasoro. Ua likiwa na alama ndogo kama punje ya mtama, naliweka kando. Miaka sita ya kazi hiyo imeniharibu. Nikaiminya kwa kucha mbili, haikutoka. Nikaiminya tena, safari hii kwa hasira, kana kwamba imenitukana. Ikatoka nusu pamoja na damu kidogo, nusu nyingine ikarudi ndani.

Asubuhi shavu lilikuwa limevimba na kuiva. Nimechukua rangi ya mama, maji ya kunde yanayoelekea weupe, na wekundu kwenye ngozi kama hiyo hauna pa kujificha. Mume wangu alikuwa anakunywa chai akiwa amesimama. Akanitazama, akaweka kikombe mezani.

"Hiyo ni nini?"

"Chunusi."

"Inakaa kama umepigwa ngumi."

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Tulikuwa tunawaza kitu kimoja, maneno ya baba.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtoto wa familia ya Kikuyu iliyohamia Kitengela zamani na kununua ploti. Sisi ni Wamaasai wa Kajiado. Kwa kaka zangu, watu waliokuja kununua ardhi hawajaacha kuwa wageni, hata wakikaa miaka hamsini. Siku ya harusi yetu baba alisimama mbele ya watu wote akasema kwa Kiswahili, ili wakwe zake wasikose neno: "Nimekupa binti ambaye hana alama kwa uso. Siku nitaona alama, sitauliza mara mbili. Yeye atabaki hapa, na wewe utakuja ukae mbele ya wazee." Watu wakapiga makofi. Mume wangu naye akapiga makofi, maskini, kwa nguvu kuliko wote.

Baba si mtu wa kusema kwa kupamba sherehe. Kwetu, mkwe akishampa baba mkwe kondoo, wanaacha kuitana kwa majina, wanaitana Paker, kwa sababu ya huyo kondoo. Tangu harusi baba hajawahi kumwita mume wangu jina lingine. Alikuwa amempokea kwa moyo wote, na kwa moyo huohuo angemtoa. Wazee wakishakaa juu ya jambo la namna hiyo, mke anaweza kukaa kwao mwaka mzima huku faini zikijadiliwa, na kaka zangu walikuwa na hamu ya kujadili. Nilimpenda mume wangu. Sikutaka kutenganishwa naye kwa ajili ya usaha.

Na kukosa kwenda hakukuwezekana. Mama alikuwa amelazwa miezi miwili kwa ajili ya nyonga, akarudi akitembea na fimbo, na baba alikuwa anachinja fahali kumshukuru Mungu. Binti asiyetokea siku kama hiyo angefuatwa na kaka zake mpaka mlangoni, waje wamwangalie uso.

Basi nikaanza matibabu. Jumatatu nilipaka dawa ya meno, kwa sababu kila mtu amewahi kuambiwa na mtu kwamba dawa ya meno inakausha. Ilikausha, ikachoma, na duara jeupe la ngozi iliyokauka likazunguka wekundu kama ukuta. Jumatano mwenzangu kazini akaniambia ndimu. Nikapaka ndimu, halafu nikatembea na jua la saa saba kutoka bandani hadi stendi, jua lile la Isinya ambalo halina mti wa kulizuia. Jioni doa lilikuwa limepanuka hadi ukubwa wa kizibo cha soda.

Alhamisi nilikwenda kwenye duka la dawa. Yule kijana wa kaunta hakuuliza swali hata moja. Alinipa tyubu ndogo ambayo wanawake nusu ya mji wanaijua, ile inayofanya uso ung'ae wiki ya kwanza. Na kweli ilifanya maajabu. Ijumaa wekundu umefifia, Jumamosi umebaki kivuli, Jumapili nikaenda kanisani nikakaa viti vya mbele kwa makusudi. Nikasema yamekwisha, nikaacha kupaka. Jumatatu niliamka shavu limerudi jekundu kuliko siku ya kwanza, linang'aa, ngozi imekuwa nyembamba na inawasha.

Nililia siku hiyo, sioni haya kusema. Kisha nikaenda zahanati. Nesi mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Sasa umemaliza kujipaka jikoni yote?" Nikasema bado mafuta ya kupikia. Akatabasamu kidogo. Aliniambia ugonjwa ulishapona zamani, kilichobaki ni ngozi inayojijenga upya, na kila ninachoongeza kinaibomoa. Nitupe ile tyubu. Ninawe kwa maji baridi, nipake jeli ya kawaida isiyo na harufu, nivae kofia au losheni ya kukinga jua, na nisiguse.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki nne. Pengine sita."

"Niko na siku tano."

"Basi hao watu wakuone hivyo," akasema. "Ni chunusi, si aibu."

Alisema kweli yote, na baadaye doa lilichukua wiki tano kamili kuisha, kwa maji baridi na jeli, kama alivyosema. Lakini yeye hakuwajua watu wetu.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameanza kunijibu kwa mkato. Alisema twende tu tuseme ukweli. Nikamwambia ukweli unategemea nani anausikia. Akasema, "Wangenishuku hata ungekuja na malaria." Halafu akajaribu mzaha, akasema afadhali anipige sasa ili lawama ziwe na sababu, akaishia katikati kwa sababu aliona uso wangu. Hatujawahi kugombana kwa ngumi maishani, na hapo tulikuwa tunagombana kwa ajili ya ngumi ambayo haikuwepo.

Jumatano, zikiwa zimebaki siku tatu, dada yangu mkubwa alipita Kitengela. Yeye anauza ushanga Namanga, mpakani, na alikuwa ametoka Nairobi kununua shanga. Nilimpigia simu mimi mwenyewe nikamsihi ashuke kwangu, kwa sababu katika familia yetu dada ndiye mtaalamu wa chunusi. Kwa miaka mingi kila akija nyumbani ana alama mahali, mara kidevuni, mara karibu na sikio, na anasema chunusi zinamsumbua, ni joto la Namanga. Tulimtania sana. Mimi nilimtania kuliko wote. Niliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba uso wake umezeeka lakini chunusi zake bado zinasoma sekondari.

Aliweka mfuko wa shanga chini, akanipeleka bafuni, akanishika kidevu akanigeuza upande wa dirisha. Vidole vyake havikuwa na wasiwasi wowote. Akatazama, akauliza kwa sauti ya chini:

"Alikuwa amevaa pete?"

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nani?"

"Kama alikuwa na pete, ngozi huwa inapasuka katikati hivi. Inachukua muda zaidi."

"Dada, hii ni chunusi."

"Sawa," akasema, na akatabasamu kwa upole ambao sijausahau. "Hata zangu ni chunusi. Lete barafu."

Nikaleta barafu. Sijui kwa nini nilitii. Labda nilikuwa bado sijaamini masikio yangu. Aliifunga kwenye kitambaa akaishikilia shavuni pangu, akahesabu, akaitoa, akairudisha. Alifanya kazi kama nesi. Huku akinifundisha: usilale kifudifudi, weka mito miwili. Usinywe chai moto sana kabla ya kutoka, uso unapanda damu. Poda ya manjano kwanza, ndiyo inayoua wekundu, halafu ile ya rangi yako juu yake, na usipanguse, gongagonga tu kwa kidole. Ukiongea na mtu, simama jua likiwa nyuma yako.

"Na usijali," akasema. "Siku ya tano hivi inageuka kijani, halafu inakuwa manjano. Ikishakuwa manjano ni rahisi, poda inashika."

Mimi ninaangalia madoa kwa mshahara. Chunusi haigeuki kijani.

Nikaushika mkono wake wenye barafu, nikaushusha. "Dada. Nakuapia kwa uhai wa mama. Hakuna aliyenigusa. Niliiminya kwa kucha, hapahapa, mbele ya hiki kioo."

Alinitazama, na nikaona anavyoanza kuniamini, na kuniamini kwenyewe kulikuwa kunamtisha. Alikuwa amedhani amekuta mwenzake. Barafu ilidondokea sinkini. Akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea na kujifunika mdomo.

Sitaki kuandika yote aliyoniambia. Mume wake anafanya biashara ya ng'ombe, ni mtoto wa mzee wa rika la baba, mtu anayesifiwa kila mahali kwa heshima yake. Walipooana baba hakusema lolote kuhusu alama. Aliona hakuna haja, kijana alikuwa wetu. Alikuwa amempiga miaka tisa kabla ya harusi yangu, na minne baada yake. Nilihesabu chunusi zote nilizozicheka, nikatamani kujipiga kofi mimi mwenyewe.

"Mwambie Baba," nikasema.

"Halafu? Baba aseme nibaki, sawa, nitabaki. Na watoto? Watoto ni wa ukoo wao. Watatu. Wa mwisho bado ananyonya usiku." Akanishika mikono yote miwili. "Uniahidi. Hata mama."

Nikaahidi. Nilikuwa na hasira ya kumtafuna mtu, lakini niliahidi, kwa sababu aliomba akiwa amekaa chini na mimi nimesimama.

Ijumaa mume wangu alikwenda kufunga geti Kimuka, upande wa Ngong, na chuma kikateleza kikamchuna viungo vya vidole vya mkono wa kulia, vitatu kati ya vinne. Alirudi amefunga kitambaa. Alipokifungua mezani tuliangaliana, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa hasa.

"Basi mimi nisiende," akasema.

"Usipokwenda umekiri."

"Na nikienda na huu mkono?"

Jumamosi asubuhi nilijipaka nilivyofundishwa, manjano kwanza, rangi yangu juu, nikigongagonga. Lilikaa vizuri. Dada anaijua kazi yake. Tukaondoka na pikapu ya kazi, mume wangu akiendesha kwa mkono wa kushoto na ule mwingine ameuficha mapajani, na hatukuwasha redio.

Tulifika wachungaji wa kanisa wakiwa tayari wamekaa, nyama ikiwa motoni, viti vya plastiki vimepangwa kando ya tangi la maji. Mama alinipokea mlangoni na fimbo yake, akanibusu shavu la kulia, nikamshukuru Mungu. Nikasimama jua likiwa nyuma yangu kila nilipoongea na mtu. Baba nilimwinamia, akaniwekea mkono kichwani kama anavyotusalimia watoto wake wote, na hakunitazama sana, kwa sababu ndama mmoja alikuwa amevimba taya na akili yake ilikuwa huko. Mume wangu alimsalimia kwa kumpa kiganja haraka na kukirudisha mfukoni. "Paker," baba akamjibu kwa furaha. Nikapumua.

Kilichoniangusha ni jiko. Nilikuwa nikikoroga sufuria ya chai ya watu themanini juu ya kuni mbichi, moshi ukaniingia machoni, machozi yakatiririka, nikajipangusa kwa leso bila kufikiri. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yangu. Aliona leso kwanza, ile rangi ya kahawia na manjano iliyobaki juu yake. Kisha akainua macho.

"Yesu," akasema. Hakupiga kelele. Lakini kaka yangu mkubwa alikuwa mlangoni akingojea chai, naye akaona alichokiona mama. Akatoka.

Nikamfuata mbio, nikiwa na mwiko mkononi. Alikuwa tayari amesimama mbele ya mume wangu. "Toa mkono mfukoni," akamwambia. Mume wangu akautoa taratibu. Watu waliokuwa karibu wakaiona ile ngozi iliyochunika, wakageuka wakauona uso wangu, na mazungumzo yakakatika kiti kwa kiti mpaka yakafika kwa baba.

"Ni geti," mume wangu akasema. "Nilikuwa kazi Kimuka, ni geti iliniumiza. Uliza mwenye nyumba."

"Na yeye pia ni geti?" kaka akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Ni chunusi," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, na mara nikaisikia jinsi inavyosikika. Lilikuwa neno la dada. Kila mtu pale alikuwa amelisikia kwake mara ishirini, na miaka hiyo yote hakuna aliyeuliza zaidi. Kwangu mimi halikutosha hata nusu dakika.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa amekaa karibu na baba, kofia yake gotini. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi nilisema tangu mwanzo," akasema. "Huyu si mtu yetu. Hawa hawajui kukaa na bibi."

Niliupandisha mwiko. Nadhani ningempiga nao. Lakini baba alikuwa amesimama.

"Wewe," akamwambia mume wangu. Si Paker. Wewe. "Kaa hapo, usitoke." Kisha akaniita mimi, akavuta kiti cha plastiki akanionyesha nikae. Aliongea Kiswahili, kama siku ya harusi, ili kila mtu asikie. Kwa pembe ya jicho nilimwona mume wangu amekaa wima, mikono yote miwili juu ya magoti, ameacha kuificha.

Baba aliosha mikono kwa maji ya tangi. Alikausha kwenye shuka lake. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna binadamu aliyekuwa amekifanya katika siku zote kumi na tatu, pamoja na mimi mwenyewe na tyubu zangu na ndimu zangu: akafunga macho, akanigusa. Aliweka kidole gumba pembeni, mbali na wekundu, akabonyeza. Akasogea kidogo, akabonyeza. Ndivyo anavyowapima ng'ombe. Nimemwona tangu utotoni akishika uvimbe wa mnyama na kusema huu ni mwiba, hii ni pembe, hili ni jipu, na daktari wa mifugo akija anakuta ni hivyo hivyo.

"Hapa inauma?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Eeh. Hapo."

Akaachia. Akafungua macho. "Mtu akipigwa anaumwa hii yote," akasema, akizungusha kidole hewani juu ya shavu langu lote. "Mfupa unauma, na ndani ni laini. Hii inauma mahali moja tu, na ndani kuna kitu ngumu kama mbegu ya nyanya. Ni chunusi. Mmeichokonoa na kucha, mkaipaka takataka." Kisha akamgeukia kaka yangu. "Wewe uliangalia mkono ya mtu kabla ya kuangalia kidonda."

Kaka akainamisha kichwa.

"Paker," baba akamwambia mume wangu, "kuja tukule nyama."

Sijui nilifanya sauti gani. Watu walicheka, kicheko kile cha watu waliokuwa wameshika pumzi, na mume wangu akainama akafunika uso kwa mikono yake yote miwili, vidole vilivyochunika vikiwa nje, na mabega yake yakatikisika. Mama alikuwa analia na kumsifu Mungu. Ningetakiwa kuishia hapo. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, chote, mbele ya mashahidi.

Lakini shemeji alikuwa anacheka kuliko wote. Alimpiga baba begani akasema, "Mzee, wewe ni daktari," akanyoosha mkono kuchukua kipande cha nyama kwenye sinia. Na mwenye sinia alikuwa dada. Alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo, na poda yake ilikuwa nzito upande wa taya. Nilimwangalia baba. Macho yake yalipita juu ya kila mtu pale, wachungaji, watoto, kaka zangu, mama, yakafika kwa dada yakaruka, yakaendelea na mtu aliyefuata. Mzee anayesimama mbele ya kila ng'ombe wake kila jioni alikuwa amemruka binti yake, na alimruka kwa uzoefu. Hapo ndipo nilipojua.

Nilikuwa nimeahidi. Naliandika hilo kwa sababu mpaka leo sijalimaliza na nafsi yangu.

"Baba," nikasema. Sikuinuka kitini. "Dada naye ana chunusi. Mguse na yeye."

Kicheko kikafa. Shemeji akabaki na nyama mkononi. Dada alinitazama, na sitasema alinitazama vipi. Nilidhani ataangusha sinia, nilidhani atakimbia. Aliliweka chini kwenye meza ndogo, akalinyoosha lisiwe upande, akapangusa mikono kwenye leso. Mimi nikainuka. Yeye akaja akakaa kwenye kiti kile.

"Mzee, hii ni nini sasa," shemeji akaanza, "mbele ya watu—"

"Nyamaza," baba akasema.

Kidole chake kilifika karibu na taya la dada kikasimama. Hakumbonyeza. Alipandisha mkono akauweka juu ya kichwa chake, kama wakati wa salamu, na hakuuondoa.

"Huyu harudi Namanga," akasema. "Na watoto wako wapi? Waletwe wakae kwa mama yao. Mwenye anasema ni wa ukoo fulani, akuje aniambie mimi." Hakumtazama shemeji alipokuwa akisema hayo. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekwenda kusimama kando ya kiti cha shemeji, na safari hii aliangalia vizuri.

Kisha baba akainama, akaongea Kimaasai, polepole, na mimi niliyekuwa hatua moja tu kutoka pale nilisikia.

"Nilijua, mwanangu."

Dada akainua uso. Alikuwa hajalia mpaka wakati huo.

"Tangu lini?"

Baba anakumbuka kila ng'ombe wake alizaliwa mwaka gani, mvua ilikuwaje, na mama yake alikuwa yupi. Alisema hakumbuki.